Natafuta wachezaji wa kampeni ya njozi kwa Kiswahili, kwa njia ya intaneti: Jumatatu usiku, kila baada ya wiki mbili

Mwanzisha uzi, Tanga

Assalaam alaykum, na kwa wote heri ya jioni.

Natafuta watu wanne, wasizidi watano, wa kucheza nami kampeni ya mchezo wa kuigiza wahusika. Ni ule mchezo wa mezani unaochezwa kwa karatasi, dadu na mazungumzo, isipokuwa meza yetu itakuwa kwenye intaneti, kwa sababu wanaoupenda mchezo huu wametawanyika mno: mmoja yuko Raskazone, mwingine Bagamoyo, mwingine Mwanza au ng'ambo kabisa, na hakuna baraza litakalowakusanya. Tutacheza kwa Kiswahili tangu salamu hadi kuagana. Naandika kwa urefu kwa makusudi, maana tangazo fupi la kuuliza nani yuko tayari huleta watu wengi wiki ya kwanza, na ikifika wiki ya nne mwongozaji hubaki peke yake na ramani zake.

Kwa wageni wa jambo hili, mchezo unakwenda hivi. Mtu mmoja ni mwongozaji: ndiye anayeusimulia ulimwengu, ndiye anayewasemea watu wote wa pembeni, kuanzia mfalme hadi muuza maji, na ndiye anayeamua kanuni ipi itumike. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa sifa sita, ambazo ni Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Mwongozaji anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu ndiyo inayoamua. Hakuna mshindi wala mshindwa. Dungeons & Dragons, ulio mashuhuri kuliko yote ya aina hii, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, na chimbuko lake ni michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Jambo jipya walilolileta ni kwamba mchezaji hakuamrisha tena kikosi kizima. Alishika mtu mmoja, na mtu huyo aliendelea kuishi kutoka kikao kimoja hadi kingine, akikua, akipata marafiki na maadui, akikumbuka aliyotendewa. Kampeni ni mfululizo huo wa vikao. Anayekuja kikao kimoja na kutoweka hajaonja kitu, na amewaharibia waliobaki.

Nitatumia kanuni za toleo la tano la mchezo huo wa Dungeons, lile la mwaka 2014. Nimelichagua kwa sababu moja kubwa: hati ya kanuni zake za msingi iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mnamo Januari 2023, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, kuitafsiri na kuisambaza mradi tu ataje chanzo. Nimeandaa muhtasari wake kwa Kiswahili, kurasa chache zinazosomeka vizuri kwenye simu, na kila atakayejiunga atapewa. Hakuna atakayetakiwa kununua kitabu.

Nataka mwone namna kanuni na maneno yanavyokutana, kwa kuwa ndilo jambo litakalowaonyesha ninatafuta watu wa aina gani. Tuseme mhusika wako ni baharia mwenye Wepesi 16, na anataka kunyata ampite mlinzi wa ghala. Wepesi 16 unampa nyongeza ya 3, na kwa kuwa amejifunza kunyata anaongezewa 2, jumla 5. Mimi nimeweka ugumu wa 15, ambao ni wa wastani. Anarusha dadu ya pande ishirini: akipata 10 au zaidi, ambayo pamoja na ile 5 inafika 15, amepita, yaani ana nafasi 11 kati ya 20. Lakini tuseme mchezaji huyo alikuwa akinisikiliza tangu mwanzo, akakumbuka niliwaambia kwamba ghala limejengwa ukingoni mwa bahari, akasema, "Nitangoja maji yajae, mawimbi yaanze kupiga ukuta, ndipo nisogee." Hapo kanuni inaniruhusu kumpa ahueni ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa, na nafasi yake inapanda kutoka asilimia 55 hadi karibu asilimia 80. Hakuisoma ahueni hiyo kwenye karatasi yake; aliipata kwa kusikiliza. Kwa hiyo mtu anayejua kanuni zote kwa moyo lakini hasikilizi wenzake simhitaji, na asiyejua hata kanuni moja lakini anasikiliza namkaribisha kwa mikono miwili.

Ulimwengu wa kampeni nimeutunga mwenyewe, na sikutaka theluji wala majumba ya mawe ya Ulaya ambayo sote tumekwisha kuyaona mara nyingi. Ni mji wa bandari unaoishi kwa pepo: kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha, na katikati ya misimu hakuna kinachosogea, watu wanategemeana kwa chakula na kwa habari. Kaskazini ya mji kuna mapango ya chokaa. Yeyote aliyeingia Mapango ya Amboni akauona ukuta uliochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka, akapita chini ya popo kwa tochi, atayatambua mara moja. Kusini kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, mfano wa yale ya Tongoni. Kisa kinaanza hivi: visima vya mji vimeanza kutoa maji ya chumvi, kimoja baada ya kingine, kuanzia vile vilivyo mbali na bahari, jambo ambalo hakuna mzee anayeweza kulieleza. Wakuu wa mji wanawaajiri wahusika wenu waufuate mto kwenda juu, waingie pangoni unakotokea, wajue nani au nini kinayageuza maji. Sisi wa Tanga, ambao maji yetu yanatoka Mto Zigi, tunaelewa kwamba habari ya maji haihitaji joka ili imtie mtu wasiwasi, ingawa majoka yapo, na majini yapo pia.

Sasa niseme lililo zito. Kampeni haziuawi na majoka, zinauawa na kalenda. Mtu mmoja anakosa kwa sababu ya harusi, wa pili anakosa kwa kuwa wa kwanza alikosa, kikao kinaahirishwa, kinaahirishwa tena, na hakuna anayetangaza kwamba mchezo umekwisha; unafifia tu. Ndiyo maana siku nimeichagua kabla ya wachezaji, wala sitaifanyia kura. Jumamosi na Jumapili ni siku za harusi, misiba na mpira wa nyumbani. Alhamisi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na hapa Tanga wengi wetu wana dhikri zao. Jumanne na Jumatano mechi za Ulaya zinachukua watu. Imebaki Jumatatu, saa tatu usiku baada ya Isha na chakula, hadi saa tano na nusu, kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa Ramadhani tutapumzika wote. Wakiwepo watatu tutacheza, wakipungua hapo nitawasimulia kisa kifupi cha pembeni, lakini saa tatu ya Jumatatu hiyo meza itafunguliwa kwa vyovyote. Mtu akijua kwamba meza ipo hata asipokuja, hujitahidi kuja.

Tutakutana Discord, programu ya mazungumzo ya mtandaoni, kwa sauti, bila kamera. Kamera inakula bando na inawafanya watu wajiangalie badala ya kusikiliza. Sauti si ghali kama inavyodhaniwa: kiwango cha kawaida cha chumba cha sauti pale ni kilobiti 64 kwa sekunde, kwa hiyo mtu mmoja akizungumza mfululizo saa nzima ni takriban megabaiti 29, na sisi tutazungumza kwa zamu. Meza za kidijitali kama Roll20 ni nzuri kwa mwenye kompyuta, ila kwenye simu ndogo zinasumbua, hivyo ramani nitazituma kama picha na mapigano tutayaeleza kwa maneno.

Kabla ya mchezo wenyewe kutakuwa na kikao sifuri, ambacho hakina dadu. Humo tutatengeneza wahusika kwa pamoja ili wafahamiane tangu zamani, maana kundi la wageni watano waliokutana mkahawani huchukua muda mrefu kuaminiana, na muda huo hatuna. Humo pia kila mmoja atasema mambo asiyotaka kuyasikia kabisa katika kisa. Mimi naanza: hapatakuwa na ubakaji, na hapatakuwa na mateso ya watoto, si kwa kuonyeshwa wala kwa kudokezwa. Mengine mtayaongeza, na hamtaulizwa sababu.

Anayetaka nafasi, mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, anijibu mambo matatu hapa hapa au kwa ujumbe wa faragha. Kwanza, Jumatatu usiku huwa unafanya nini kwa kawaida, na nani nyumbani kwako anapaswa kujua kwamba muda huo umeshikika? Pili, nipe mhusika wako kwa sentensi tatu tu: anafanya kazi gani, anamdai nani au anadaiwa na nani, na kitu gani hawezi kukivumilia. Tatu, nieleze jambo ambalo mtu mwingine alilifanya katika mchezo wowote, hata bao au karata, likakufurahisha. Swali hilo la tatu ndilo nitakalolisoma kwa makini zaidi.

Mchangiaji, Bagamoyo

Wa alaykum salaam, ndugu yetu wa Tanga. Mimi nimefundishwa sanaa za jukwaani hapa hapa Bagamoyo, na sijawahi kucheza mchezo huu, lakini maelezo yako yamenivutia kuliko tangazo lolote la kazi nililosoma mwaka huu. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, mchezaji analazimika kuigiza sauti ya mhusika wake, au anaweza kueleza tu? Na je, ulimwengu wako una nafasi ya mji wa misafara? Hapa tunaishi katikati ya kumbukumbu hizo, kuanzia magofu ya Kaole hadi jengo la Caravan Serai, na ningependa mhusika wangu awe mpagazi aliyebeba mizigo kutoka bara, akaifahamu njia nzima kwa miguu, na akafika pwani bila kulipwa ujira wake.

Mwanzisha uzi, Tanga

Ndugu yangu, mpagazi huyo ameshapata nafasi, kwa kuwa anadai, na anayedai ana sababu ya kuamka asubuhi. Mji wa misafara utakuwepo, mwendo wa siku kadhaa kusini ya bandari yetu, na aliyemdhulumu ujira wake nitamweka humo, awe mtu mwenye jina, nyumba na watoto, ili siku mkikutana uamuzi usiwe mwepesi.

Kuhusu sauti, hakuna ulazima. Anayesema, "Mpagazi anamkazia macho mwenye duka na kumwambia kwamba hataondoka," amecheza sawasawa na yule anayetoa sauti nzito na kutamka kila neno. Wapo wachezaji wazuri kabisa ambao hawakuwahi kuigiza sauti maishani mwao. Nikuombe jambo moja kwa heshima, kwa kuwa wewe ni mtu wa jukwaa. Jukwaani umefundishwa kuushika usikivu wa hadhira na kutouachia, na meza hii haina hadhira. Kila anayekusikiliza naye ni mwigizaji anayengoja zamu yake. Nimeona meza ambapo mwenye kipaji alizungumza nusu ya usiku, kwa uzuri kweli, na wenzake wakaacha kuja mmoja mmoja. Kipaji chako kitumie kuuliza. Mgeukie mhusika aliyenyamaza, umuulize maoni yake kuhusu mzigo mnaoubeba. Tendo hilo lina thamani kwangu kuliko hotuba, na nikiliona nitalitunza kwa ahueni ya dadu.

Mchangiaji, Ngamiani

Naomba radhi kwa kuuliza jambo zito. Nyumbani kwetu neno dadu likitajwa, wazee wanasikia kamari, na ukiongeza uchawi na majini ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe napenda visa vya njozi, lakini sitaki kuingia katika jambo ambalo baadaye nitashindwa kulitetea mbele ya baba yangu. Umelifikiriaje hili?

Mwanzisha uzi, Tanga

Umeuliza vizuri, na sitaki nikujibu kwa haraka. Kamari haipo: hakuna fedha wala kitu chochote kinachowekwa, hakuna anayepata kwa mwenzake kupoteza. Uchawi uliomo ni wa kisa, wa aina ile ile ya ngano tulizosimuliwa na bibi zetu zenye mazimwi na pete za ajabu. Hakuna anayesoma azima wala kuita kitu. Hofu hii haikuanza kwetu. Miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na vikundi vya dini walitangaza kwamba mchezo huu unawafundisha vijana kumwabudu shetani, na waliocheza enzi hizo leo ni wazee wenye wajukuu.

Hata hivyo suala la dadu yenyewe ni tofauti na kamari, na nitakuwa mkweli kwako. Makatazo ya nardi, mchezo wa kale wa dadu, yamo katika Hadithi, na wapo wanazuoni wanaoyaona kuwa yanahusu kila mchezo wa dadu hata usio na dau, na wapo wanaoyafungamanisha na kamari. Mimi si mwanachuoni, na sitakutolea fatwa ili nipate mchezaji. Mwendee sheikh unayemwamini, umweleze mchezo wote ulivyo, usimfiche kitu. Akikuzuia, ipo michezo ya aina hii isiyotumia dadu kabisa, ambayo wachezaji huwa na akiba ya pointi na kuchagua wazitumie wapi, na nitakuwa tayari kukusaidia kuanzisha meza ya namna hiyo. Na baba yako mkaribishe asikilize kikao kimoja akiwa chumba hicho hicho. Sitakuwa na neno la kumficha.

Mchangiaji, Mwanza

Nimecheza miaka kadhaa na vikundi vya watu wa nchi nyingine, kwa Kiingereza, na mara nyingi nilikuwa mwanamke peke yangu. Mchezo wenyewe nilikuwa naupenda, lakini kila kundi lilikuwa na mtu mmoja aliyedhani kwamba mhusika wangu akitabasamu ni mimi niliyetabasamu, na baada ya kikao ananifuata kwenye ujumbe wa faragha. Vikundi viwili niliviacha kwa sababu hiyo, nikaonekana mimi ndiye nisiyedumu. Umezungumza sana kuhusu mahudhurio. Nataka kujua utafanya nini likitokea hili, kwa sababu nalo ni chanzo cha watu kutohudhuria.

Mwanzisha uzi, Tanga

Dada, nakushukuru kwa kulisema waziwazi, na ninakubali kabisa kwamba ni sehemu ya suala la mahudhurio. Mtu anayekimbizwa hahesabiwi kuwa mtoro.

Nitafanya hivi. Mapenzi baina ya wahusika wa wachezaji hayatakuwepo katika kampeni hii, isipokuwa wachezaji wote wawili waniambie mimi, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wanayataka, na hata hapo yataishia kwenye posa na barua. Hakuna atakayemwandikia mwenzake faragha kuhusu jambo lisilo la mchezo kabla hajaruhusiwa na mwenyewe. Wakati wa kikao, mtu yeyote akiandika herufi X kwenye sehemu ya maandishi, tukio linakatwa hapo hapo, tunaruka mbele, na hakuna atakayeulizwa kwa nini. Utaratibu huu wa X si ubunifu wangu. Unatumika kwenye meza nyingi duniani kwa alama hiyo hiyo, na umedumu kwa sababu hauhitaji maelezo. Mtu akivunja la pili, yaani akamfuata mwenzake faragha, ataondoka siku hiyo hiyo, na nitawaeleza waliobaki kwamba nimemwondoa mimi. Sitangoja lijirudie, na sitamtaka aliyefuatwa akae meza moja naye kusuluhishwa. Mwongozaji anayeweza kuua joka lakini anaona haya kumtoa mtu mmoja mezani hafai kuongoza.

Ukiwa bado una moyo wa kujaribu, ningependa sana uwe nasi, hasa kwa kuwa unazijua kanuni na utanisaidia wageni wakikwama.

Mchangiaji, Mwanza

Nimeridhika. Mhusika wangu ni mchora ramani, anadaiwa na nahodha aliyemwokoa baharini, na hawezi kuvumilia mtu anayetaja mahali asipowahi kufika. Jumatatu usiku huwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nami nitayahamishia Jumapili.

Mchangiaji, Korogwe

Shikamoo, mwanzisha uzi. Mimi nimemaliza kidato cha sita, nina miaka 19, na nina simu tu, tena ya kawaida. Dadu ya pande ishirini sijawahi hata kuishika. Mtandao huku kwetu mvua ikinyesha unasumbua. Je, nisijisumbue kuomba?

Mwanzisha uzi, Tanga

Marahaba, mdogo wangu. Jisumbue, tena uje mapema. Dadu hazihitajiki mkononi. Ndani ya Discord tutakuwa na programu ndogo ya kurusha dadu kwa kuandika amri fupi, namba inatoka mbele ya wote, na hilo linafaa zaidi kwa kuwa hakuna atakayeshukiwa. Karatasi ya mhusika iandike kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi, maana namba zake zitabadilika kila anapopanda ngazi. Sauti ikikatika, andika anachofanya mhusika wako kwenye sehemu ya maandishi, nami nitakisoma kwa sauti ili wenzako wakisikie. Na mtandao ukipotea kabisa, mhusika wako atabaki na kundi akilinda mizigo, hatauawa ukiwa haupo. Hiyo ni ahadi kwa wachezaji wote.

Kwa mhusika wako wa kwanza nakushauri uchukue mpiganaji. Usidhani ni mhusika mdogo. Kanuni zake za ngazi ya kwanza zinajifunzika usiku mmoja, na akili yako itabaki huru kutazama kinachotokea. Mchawi wa ngazi ya kwanza huja na orodha ya matabano ambayo yanamfanya mchezaji mpya akodolee karatasi wakati wenzake wanazungumza.

Mchangiaji, Uingereza

Salaam kutoka London kwa mtoto wa Pangani. Saa tatu usiku ya Tanga kwangu ni saa moja jioni wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, kwa kuwa huku saa hubadilishwa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kiangazi naweza bila shida. Miezi ya baridi nitakuwa njiani kutoka kazini kwa nusu saa ya kwanza. Nikubalie au nimwachie mwingine?

Mwanzisha uzi, Tanga

Karibu, ndugu wa Pangani. Nashukuru umetaja jambo hilo kabla halijatukuta. Nusu saa ya kwanza ya kila kikao kwa kawaida ni salamu, kukumbushana yaliyopita na kugawana mizigo, kwa hiyo miezi hiyo tutakuwekea kazi ya kuwa wa mwisho kuingia eneo la tukio. Ila nakuomba uiandike ratiba yako kwa saa za Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa kuwa sisi hatubadilishi saa, na pale mtu anapohesabu kwa saa za kwake ndipo tunapopotezana.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nina pingamizi, na nitalisema kwa adabu. Maswali matatu, kikao sifuri, siku isiyopigiwa kura. Haya yanafanana na usaili wa kazi serikalini. Mchezo ni starehe, ndugu. Kwa nini usichukue kila ajaye, na watakaochoka wajiondoe wenyewe? Na kama shida ni kalenda, kwa nini msicheze kwa maandishi, kila mtu akiandika pale anapopata nafasi, bila kulazimika kuwa mtandaoni kwa wakati mmoja?

Mwanzisha uzi, Tanga

Nakujibu kwa adabu hiyo hiyo, na nitaanza na la pili kwa kuwa lina nguvu zaidi. Kucheza kwa maandishi ni njia halali na ya siku nyingi, na kwa mtu wa zamu za usiku au mwenye mtoto mchanga huenda ikawa njia pekee. Ina uzuri wake: watu huandika kwa utulivu, na kisa chote hubaki kimehifadhiwa. Tatizo lake ni mwendo. Mapigano yanayomalizika kwa nusu saa kwa sauti yanaweza kuchukua wiki kadhaa kwa maandishi, kwa kuwa kila mmoja anamngoja aliyetangulia, na akinyamaza mmoja meza nzima inanyamaza. Kalenda inakuwa imehamishwa tu, kutoka Jumatatu moja kwenda kila siku ya juma. Jingine ni kwamba nataka kuwasikia watu wakicheka na kukatizana kwa Kiswahili chao, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake na wa Mwanza kwa yake, na hilo maandishi hayanipi.

Kuhusu la kwanza, kila ajaye ana haki ya kucheza, lakini si lazima acheze meza hii. Watu watano watanipa jioni zao kwa muda wa mwaka mzima, nami nitawaandalia kila kikao kwa saa kadhaa. Ni haki yao kujua kwamba aliyeketi karibu nao aliulizwa kama atakuja. Kumwacha mtu ajiondoe mwenyewe kunaonekana ni upole, lakini gharama yake wanailipa waliobaki, ambao kisa chao kilifungamanishwa na mhusika asiyerudi tena. Wewe ukifungua meza ya maandishi, nitakupa ulimwengu wangu wote uutumie, ramani, majina ya mitaa, pepo na visima, na nitawaelekeza kwako wote nitakaokosa nafasi ya kuwapa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Ramani nitazichukua. Nipe siku chache nifungue uzi wake.

Mwanzisha uzi, Tanga

Nimefurahi sana. Zitakufikia leo usiku.

Kwa wengine: mpagazi wa Bagamoyo, mchora ramani wa Mwanza na ndugu wa Pangani aliyeko London wamethibitishwa. Ndugu wa Ngamiani namngoja amwone sheikh wake, na nafasi yake sitaigusa hadi anijibu. Iliyobaki ni moja, na kijana wa Korogwe nimemshikia hadi Ijumaa anipe majibu yake matatu. Asipoonekana itakuwa wazi kwa mwingine. Kikao sifuri ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu kamili usiku. Njooni na daftari, kalamu ya risasi, na jina la mtu mmoja wa mji huo wa bandari ambaye mhusika wako anamfahamu vizuri, awe ndugu, jirani au mdeni wake, pamoja na mahali anapochota maji.